Kit Zilizovuka Semuliki

Ukifika Beni, mtaa wa Malepe, ukauliza Jokébed anakaa wapi, watakurudishia swali: "Jokébed wa chorale ya kanisa ao Jokébed wa kit?" Ukisema wa kit, hata mama anayekaanga mandazi kando ya barabara ataacha mwiko wake akuonyeshe nyumba. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na watu, tena alipewa katika mwaka mbaya, mwaka ambao Beni nzima ilikuwa inalala na viatu miguuni.

Alizaliwa Luofu, kusini mwa Lubero, katika nyumba ya Waprotestanti wanaolima viazi na maharagwe. Baba yake, Zorobabel, alikuwa dereva wa lori. Vita vya kwanza vilipofika kwao, Jokébed alikuwa hajaanza shule. Zorobabel alimpakia mkewe, watoto wake na majirani wote walioenea ndani ya lori la tajiri wake, akashika njia ya kaskazini bila kuomba ruhusa. Wakapita Lubero, wakapita Butembo, wakatua Beni. Tajiri alipopata habari walidhani atamfukuza. Kumbe alisema tu, "Umeniokolea na gari." Toka siku ile Zorobabel hakukosa usukani, na Jokébed akakua akilala kwa mngurumo wa injini.

Alipomaliza sekondari alikwenda kusoma informatique, elimu ya kompyuta, huko Butembo. Wenzake darasani walipenda kuandika programu, wakaonyeshana michezo na kalenda walizozitengeneza. Jokébed naye aliandika, na aliandika vizuri, lakini roho yake ilikuwa mahali pengine. Yeye alitaka kujua kwa nini programu ya fulani inakubali kwenye kompyuta hii na kukataa kwenye ile ya jirani, ilhali maandishi ni yale yale. Mwalimu akishindwa kufungua kazi ya mwanafunzi, aliitwa yeye. Ndiko huko alikomkuta Esdras, kijana mpole aliyekuwa akisomea ualimu, ambaye kompyuta yake ilikataa kila kitu. Aliitengeneza. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa, na Esdras akapewa darasa la sita katika shule moja ya msingi huko Beni.

Beni hapo, mtaa wa Malepe, palikuwa na atelier, karakana ndogo ya watu watatu waliotengeneza programu za simu. Walimchukua Jokébed awaangalizie mashine, moto wa jua, yaani umeme wa sola, na connexion ya mtandao. Wa kwanza wao alikuwa Sadrack, mtu mrefu wa Butembo, msemaji, aliyejua kazi yake na kupenda watu wajue kwamba anaijua. Wa pili alikuwa Léa, aliyejifundisha mwenyewe kwa simu kabla hajamiliki kompyuta. Wa tatu alikuwa Malachie, mtu wa Mutwanga, aliyesomea Kampala na kurudi na namna za huko. Kila mmoja aliandikia katika programu yake kubwa, ambayo wao waliita environnement. Ya Sadrack haikufanana na ya Léa, na ya Malachie haikufanana na zote mbili. Lakini mwisho wa safari wote watatu walitaka kitu kimoja: programu iingie ndani ya simu ya mtu, ifunguke.

Sasa, mtu anayetengeneza programu ya simu haanzi mikono mitupu. Kuna mzigo wa zana anaopaswa kuwa nao: za kugeuza maandishi yake yawe kitu ambacho simu inaelewa, za kukijaribu, za kukifunga pamoja kama kifurushi. Mzigo huo ndio kit. Ni mzito, huvutwa kutoka mtandaoni, na kila baada ya muda hutoka toleo jipya. Katika nchi zenye connexion ya kutosha mtu huvuta kit asubuhi huku akinywa chai. Beni, kuvuta kit moja kulikuwa kama kuvuta maji ya kisima kirefu kwa kamba fupi.

Kwenye mashine kubwa ya atelier, waliyoitumia kwa zamu, kila environnement ilikuwa imejiletea kit yake na kuificha mahali pake. Kit tatu, karibu zile zile, zimejaza diski mpaka mashine inapumua kwa shida. Siku moja Sadrack aliona nafasi imekwisha. Environnement yake ilikuwa imemwuliza kama anataka toleo jipya la zana. Akakubali, kisha akafuta matoleo ya zamani popote alipoyakuta. Malachie alipokaa kwa zamu yake, programu iliyokubali jana ikakataa.

"Nani amegusa kit yangu?" aliuliza.

"Hakuna mutu amegusa kit yako," Sadrack alijibu bila kugeuka. "Miye nimefanya mise à jour, basi."

"Mise à jour ya kwako, mais kazi yangu ndiyo imekufa! Ona, inasema zana zimeharibika."

"Si uhame na weye kwa version mupya?"

"Kuhama ni kuandika upya kazi ya mwezi muzima! Weye utaniandikia?"

Léa alijaribu kuwapoza, ikashindikana. Malachie alifunga mfuko wake akatoka. Wiki hiyo nzima mashine ilivuta tena kit ya zamani kidogo kidogo, na watu wawili waliokuwa wakila pamoja wakawa wanasalimiana kwa kichwa tu.

Jioni ya ugomvi ule Jokébed alikwenda nyumbani akafikiri wakati anapika sombe ya majani ya muhogo, akafikiri wakati anawaogesha watoto. Siku iliyofuata aliwaita wote.

"Mie naona vile," alisema. "Tujenge nyumba moja ya kit. Moja tu. Ndani yake kila version ikae na chumba chake, ya zamani na ya mupya, hazigusani. Kila environnement tuionyeshe njia ya ile nyumba, iache kujitafutia. Na kila projet iandike wazi iko natumia version gani. Donc hakuna mutu anafuta, hakuna mutu anapandisha version, bila kupita kwangu."

Sadrack alicheka. "Sasa weye unakuwa barrière, kama ya wanajeshi njiani?"

"Ndiyo," Jokébed alisema. "Niko barrière."

Walimwachia ajaribu, nusu kwa kuamini na nusu kwa kuchoka. Kazi haikuwa nyepesi. Environnement moja ilikuwa na ukaidi: ukiionyesha nyumba mpya, inakubali, ukiifunga na kuifungua inarudi kule kule ilikozoea. Nyingine ilitaka Java ya kizamani, ile programu inayoendesha zana, na jirani yake ikaikataa hiyo Java kabisa. Jokébed alimwandikia kila mmoja mlango wake wa kuingilia: ukifungua kazi ya Malachie, mashine kwanza inaambiwa Java ipi na zana zipi, ukifungua ya Léa, inaambiwa mengine. Alikosea, akarudia. Alifuta akaanza tena. Na siku ilipofika, aliwakalisha nyuma yake, akafunga kifurushi cha Sadrack, kikakubali. Akafunga cha Léa, kikakubali. Akafunga cha Malachie. Wote wakainama kutazama mstari unaotembea chini ya kioo kuonyesha kazi inakwenda. Kikakubali. Mashine ile ile, nyumba moja, diski ikiwa na nafasi iliyobaki.

Malachie alimpa Sadrack mkono. Sadrack akaushika, kisha akamgeukia Jokébed. "Eh, Mama Barrière! Wasingya kutsibu." Ni shukrani ya Kinande, na Sadrack hakuwa mtu wa kushukuru ovyo.

Basi ikaja ile miezi. Wauaji walikuwa wameingia katika mashamba ya kakao kwa miaka, na watu wa Beni walikuwa wamezika mpaka machozi yakakauka. Lakini mwaka ule jimbo likawekwa mikononi mwa wanajeshi, mabomu yakalipuka mjini penyewe, shule zikafungwa. Esdras alibaki nyumbani na mfuko wake wa chaki. Wanafunzi wake walitawanyika: wengine Butembo, wengine Mutwanga, wengine kwa wajomba huko Kyavinyonge kando ya ziwa. Na wote walikuwa wa darasa la sita, wenye mtihani wa mwisho mbele yao.

"Daftari zao zimebaki mu manyumba," Esdras alisema jioni moja wakila. "Mais simu, mutu anakimbiaka na simu."

Jokébed aliacha kula. Esdras alikuwa amesema neno dogo tu, lakini Jokébed alilibeba mpaka atelier, kwamba masomo yakae ndani ya simu, na wenzake watatu wakalipokea. Esdras na walimu wenzake wakaandika masomo mafupi na mazoezi. Léa akachukua programu ya kusoma na kusikiliza. Malachie akachukua ya hesabu, maana huko Kampala ndiyo aliyokuwa akiitengeneza. Sadrack akachukua ya walimu, ya kusahihisha. Hakukuwa na wakati wa mtu kujifunza environnement ya mwenzake. Kila mmoja aliandika kwa namna aliyoijua, nyumba ya kit ikawabeba wote.

Kazi ilipofika nusu, milio ya risasi ilisikika karibu na Malepe. Jokébed na Esdras walichukua watoto wakaenda Butembo, mtaa wa Furu, kwa shangazi ya Esdras. Kabla hawajaondoka Jokébed alipita atelier. Mashine kubwa haikubebeka. Alinakili nyumba nzima ya kit kwenye diski ya mkononi pamoja na ile milango yote, akaifunga ndani ya kitenge, akaitia katikati ya nguo za mtoto. Sadrack na Léa nao walifika Butembo, na katika chumba walichopewa na kanisa, Jokébed alifungua diski, akaielekeza kompyuta ndogo ya kila mmoja, na kazi ikaendelea toka pale ilipokatika. Hawakuvuta tena chochote toka mtandaoni.

Malachie ndiye aliyekosekana. Alikuwa Mutwanga kwa mama yake mgonjwa wakati njia ilipofungwa. Kwa siku nyingi simu yake haikupita. Ilipopita, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Jokébed, hesabu imeisha. Nimemaliza yote. Mais environnement yangu ilianza mise à jour yenyewe, réseau ikakatika katikati. Kit iko nusu. Hakuna kitu ninaweza kufunga."

"Tuma code, tufunge huku."

"Itapita wapi? Data haiko. Sauti tu, na hii nimepanda mulima ili nikupate. Na huku batoto beko bengi, Jokébed. Bamejaa mu kanisa, mu mashule, kila fasi. Bengine ni ba Esdras. Bananiuliza kila siku."

"Hauwezi kuya Butembo?"

"Mama hawezi kuachwa."

Simu ikakatika. Jokébed akampigia baba yake.

Zorobabel hakuwa amekimbia Beni. Alisema amekimbia mara moja katika maisha, inatosha. Alikuwa na pikapu kuukuu, akileta samaki toka Kyavinyonge, na wanajeshi walipoanza kusindikiza magari kwenye njia ya Kasindi yeye alikuwa wa kwanza kujipanga kwenye msafara. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho.

"Hiyo kit," aliuliza, "ni kintu cha kubebwa?"

"Ndiyo, Papa. Iko ndogo kama Biblia."

"Na hauwezi kunipa mie, nimupelekee huyo kijana?"

"Naweza kukupa. Mais kuiweka ndiyo kazi. Mashine yake iko na kit ya nusu, na environnement yake iko na ukaidi. Nisipoipanga mwenyewe itafia huko."

"Basi kuya. Ulete na koti. Kule kwa Ruwenzori kuna baridi."

Mkewe Zorobabel aliposikia, alipiga magoti mbele ya kitanda chake akaomba kwa sauti mpaka majirani wakasikia. Esdras naye hakumzuia mkewe. Alimwambia tu, "Batoto bangu, ukibaona, ubasalimie kwa majina," akampa majina, na Jokébed akayashika kichwani kama wimbo.

Asubuhi ya safari, Jokébed akiwa amekwisha kurudi Beni, magari yalijipanga huko, ya wanajeshi mbele na nyuma. Njia ya Kasindi wakati ule ilikuwa ya kufa na kupona. Mabaki ya magari yaliyochomwa yalikuwa yamelala majanini, na dereva hakuyatazama. Zorobabel aliendesha mikono miwili juu ya usukani. Walipofika daraja la Semuliki, ambapo mbuga ya Virunga inakumbatia njia pande zote, alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa Kinande, polepole. Jokébed aliitikia sauti ya pili. Diski, yenye pia kazi za Léa na Sadrack, ilikuwa kifuani pake, ndani ya koti.

Ng'ambo ya mto palikuwa na barrière. Wanajeshi walipekua mizigo yote, maana habari za bomu zilikuwa bado mbichi. Mmoja wao, adjudant, yaani afisa wa ngazi ya chini, mtu wa mbali ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Lingala, alifika kwa Jokébed.

"Fungola sac," alisema. Jokébed akaufungua mfuko, adjudant akaona kompyuta na nyaya, kisha akapekua koti akatoa diski. "Oyo nini?"

"Ni kit, chef," Jokébed alisema, na papo hapo akatamani alirudishe lile neno kinywani.

Uso wa adjudant ulibadilika. "Kit? Kit ya kutengeneza nini?"

"Ya kutengeneza programu ya simu."

"Hata bomu, wanalipuaka na simu." Aliinua mkono, na wanajeshi wawili wakasogea. Zorobabel alishuka garini.

"Chef, huyu ni mutoto wangu."

"Papa, rudi mu gari," adjudant alimwamuru.

Jokébed aliona abiria wa magari mengine wakirudi nyuma, wakimwacha peke yake na baba yake katikati ya njia. Aliona namna adjudant anavyoishika diski kwa vidole viwili, mbali na mwili. Alipoitazama ile diski katika mkono wa mtu mwingine, woga ulimpungua na hasira ikaingia mahali pake, hasira safi ya mtu anayeona kazi yake inaitwa uchafu.

"Chef," alisema, "hapana kuniamini kwa maneno. Nitakuonyesha. Hapa hapa, mbele ya macho yako. Niko na programu ya batoto ba sixième, ba darasa la sita, ya kusoma. Nitaifunga sasa, nitaitia mu simu yako. Ikiwa ni bomu, tutakufa wote."

Mtu mmoja katika foleni alicheka kwa hofu. Adjudant akatoa simu yake mfukoni, simu ya kizamani, kioo kimepasuka pembeni.

Jokébed aliweka kompyuta juu ya boneti ya pikapu, akaunganisha diski. Akafungua kazi ya Léa, akaifunga, mstari ukatembea, kifurushi kikatoka. Akakipeleka kwenye simu. Simu ikakataa. Neno la kukataa likatokea kwenye kioo, adjudant akalisoma, nyusi zikapanda.

"Unaona? Haiko kitu."

"Ngoja, chef. Simu yako ni muzee, na muzee anaheshimiwa." Alilisema kwa utulivu ambao yeye mwenyewe aliushangaa. Alijua kilichotokea: kifurushi kilifungwa kwa toleo jipya, lile lililoacha kuzihesabu simu za namna ile. Lakini toleo la zamani lilikuwa ndani ya nyumba, katika chumba chake. Halikufutwa. Sadrack aliwahi kumwuliza mara nyingi kwa nini analibebea uzito huo, naye alimjibu kila mara kwamba kwao watu hawatupi simu ikiwa bado inaita. Aliielekeza kazi ya Léa kwenye chumba kile, akafunga upya.

Simu ikapokea. Picha ya kitabu ikatokea kwenye kioo kilichopasuka. Adjudant akaigusa kwa kidole kinene, na sauti ya Léa ikasikika, wazi, katikati ya msitu, ikisoma somo la kwanza la Kifaransa, na maandishi yakimfuata chini yake. Adjudant alisikiliza hadi mwisho. Akagusa tena.

"Mwana na ngai," alisema. Akakumbuka wasikilizaji wake, akarudi kwenye Kiswahili. "Mutoto wangu. Iko Mbandaka. Na yeye iko sixième. Naweza kumutumia hii?"

"Ukifika kwenye réseau, chef, unaweza. Ni ya batoto bote."

Alimrudishia diski kwa mikono miwili. Kisha akageuka kwa askari wake. "Acha gari hii ipite. Oyo mwalimu."

Zorobabel aliwasha injini. Kwenye kona ya tatu au ya nne mzee akaanza kutikisika mabega. Jokébed alidhani baba yake analia. Alikuwa anacheka.

"'Simu yako ni muzee!'" alisema. "Weye! Mbele ya bunduki! Nimebeba mizigo toka nikiwa kijana, Jokébed: kahawa, samaki, batu bakikimbia. Sijawahi kubeba muzigo wenye kujitetea wenyewe." Akapiga usukani kwa kiganja. "Mutoto wangu huyu!"

Mutwanga waliikuta imejaa. Milima ya Ruwenzori ilikuwa juu yake na mawingu yake, na umeme wa mto ulikuwa unawaka bila wasiwasi, lakini kila ukumbi na kila baraza palikuwa na magodoro. Malachie aliwapokea mlangoni kwa mama yake. Alikuwa amekonda. Alimkumbatia Jokébed, kisha akamkumbatia Zorobabel ambaye hakuwa amemwona hata siku moja.

Jokébed alikunywa chai, akakaa kwenye kompyuta. Kit ya nusu ilikuwa imetapakaa ndani yake kama nyumba iliyoachwa haraka. Aliiondoa yote. Akaweka nyumba ile moja, akaweka milango, akaielekeza environnement ya Malachie. Ikakaidi, ikarudi kule ilikozoea. Aliujua ukaidi huo, akaufungia njia. Na kwa kuwa Mutwanga ndiko watoto waliko, aliiweka pia environnement ya Léa na ya Sadrack katika mashine ile ile, ili Malachie aweze kufunga programu zote tatu bila kumngoja mtu. Kisha akasimama akamwachia kiti.

"Funga mwenyewe," alisema. "Ni kazi yako."

Malachie alifunga. Mstari ukatembea. Mama yake mgonjwa, ambaye hakujua ni kitu gani kinangojewa, aliketi kitandani kutazama kwa sababu wote walikuwa wanatazama. Hesabu ikakubali. Malachie alifunika uso kwa mikono, mama yake akapiga kigelegele chembamba cha mgonjwa, na Zorobabel akaitikia kwa sauti ya dereva.

Walienda kanisani. Programu zilipita toka simu hadi simu, bila réseau, bila megabyte hata moja: baba akimpa jirani, jirani akimpa dada yake. Simu mpya zilipokea za toleo jipya, simu kuukuu zilipokea za toleo la zamani, na hakuna aliyerudishwa kwa sababu ya simu yake. Jokébed alisimama katikati ya ule msongamano akaita majina aliyopewa na Esdras. Bénie akajitokeza, msichana mwenye gauni la kuazima. Wengine wakajitokeza nyuma yake. Wengine aliwaita, akawaita tena, na hakuna aliyeitikia, na hakuwauliza waliokuwapo.

"Mwalimu Esdras anabasalimia," aliwaambia. "Anasema mutihani uko pale pale, na nyie muko pale pale."

Bénie alikuwa tayari amefungua hesabu. "Mama," alisema bila kuinua macho, "hii nilikuwa naijua, nilikuwa nimeisahau tu."

Mtihani ulifanyika, Mutwanga, Butembo na Kyavinyonge, chini ya mahema na ndani ya makanisa. Si wote walioukalia waliushinda, na hilo Esdras alilisema waziwazi kila alipoulizwa. Lakini waliukalia. Walikaa wakaandika majina yao juu ya karatasi kama watoto wa mji wowote wenye amani, na matokeo yalipotangazwa redioni, Esdras alitoka nje akasimama uani peke yake, na aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa mwana.

Atelier ilirudi Malepe watu walipoanza kurudi. Vita havikuisha, ingawa mji ulijifunza kuamka kila asubuhi. Habari ya kit ilikuwa imetangulia. Vijana wa atelier nyingine, wa Butembo hata wa Oicha, walianza kuja na diski zao kuomba nakala. Jokébed hamnyimi mtu. Ila anamkalisha kwanza, anamwuliza: kazi yako inatumia toleo gani, environnement yako inatafuta wapi, Java yako ni ipi? Asiyejua hafukuzwi. Anafundishwa hadi ajue, ndipo anaondoka na nakala.

Siku moja wageni walifika kuangalia kazi ya atelier, wakawa wanawapongeza waandishi wa zile programu. Sadrack, yule msemaji, aliwaacha wamalize.

"Asante," alisema. "Siye watatu tumeandika. Mais bila huyu mama, maandishi yetu yangebaki maandishi. Muulizeni yeye." Na akamsogezea Jokébed kiti cha mbele.

Zorobabel alikuwa mlangoni, ameleta samaki kwa ajili ya wageni, mikono bado inanuka ziwa. Mgeni mmoja alimwuliza kama na yeye ni mfanyakazi wa pale.

"Mie?" alisema mzee, akanyoosha mgongo. "Mie ni baba yake Jokébed."